Tutahama au Hatuhami

Mkewe alipotokea karakana mchana ule, Fundi Sponji alijua kuna jambo. Mkewe alikuwa mpima maji. Alifanya kazi katika maabara ya idara ya maji, upande wa pili wa mji, na tangu waoane hajawahi kutoka huko kabla ya jioni, isipokuwa siku ile binti yao Kidoti alipovunjika mkono shuleni. Kwa hiyo Sponji alipomwona kasimama mlangoni, koti lake jeupe kalikunja mkononi, alitupa nyundo chini na kuuliza kwanza habari za mtoto.

Mtoto hana neno, mkewe akasema, yuko shule. Akaangaza macho atafute pa kukaa. Karakana ya makochi, ajabu yake, haina pa kukaa: kila kiti ama kimevuliwa kitambaa, ama kimetolewa matumbo, ama kina gundi mbichi. Mwishowe akajikalia kwenye ukingo wa fremu ya kochi lililobaki mbao tupu, magoti kayabana kama mgeni.

Akamweleza. Yule rafiki yake waliyesoma naye chuo, yule mama mwenye sauti nzito, sasa ndiye meneja wa mtambo mpya katika mji mmoja wa pwani, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mtambo huo unavuta maji ya bahari, unayatoa chumvi, unayapeleka majumbani watu wanywe. Wanatafuta mkuu wa maabara. Rafiki amepiga simu asubuhi ile na kumwambia nafasi ni yake akiitaka, ila atoe jibu kabla ya mwezi kwisha.

Sponji alikuwa amevuta kitambaa juu ya mkono wa kiti, kidole gumba kimekandamiza upindo. Alijua kwamba akikiachia atakuwa amepoteza kazi ya asubuhi nzima. Akaendelea kukandamiza.

"Hayo ni mazuri," akasema.

Mkewe akangoja. "Mazuri, maana yake twende?"

"Maana yake ni mazuri."

Mkewe akamtazama kidogo, kisha akatabasamu, akamshika bega, akaondoka kurudi kazini. Mlango ulipofungwa, Sponji akabaki na kidole kwenye kitambaa, akijiuliza ni nini hasa alichojibu. Alikuwa kama mtu aliyeitikia salamu ya aliyepita mbio, halafu akashindwa kukumbuka ni nani.

Jina la Sponji alipewa na wateja. Mtu akija kulalamika kwamba kochi limebonyea, humjibu, "Ni sponji tu hiyo, isikutie presha." Akaizoea kauli yenyewe mpaka ikavuka mipaka. Mtu akimwambia mgongo unamuuma, ni sponji tu hiyo. Mtu akimwambia kaachwa na mchumba, vivyo hivyo. Mwenzake wa karakana, seremala anayeitwa Kaptula kwa kuwa havai suruali ndefu hata iwe baridi ya namna gani, alikuwa akisema kwamba siku Sponji akifa, watu wataogopa kumzika, watadhani anawatania.

Kaptula alikuwa nyuma ya rundo la mbao siku hiyo, na masikio yake, tofauti na suruali zake, hayakuwa mafupi. Mkewe Sponji hajafika hata barabarani, jamaa akajitokeza na msumeno mkononi.

"Shemeji anahama?"

"Hatuhami," Sponji akasema papo hapo. "Nani ahame? Makochi yote haya nimwachie nani?"

Alilisema kwa nguvu, na aliposikia sauti yake mwenyewe akapata ahueni. Kumbe hili ndilo jibu lenyewe. Kaptula naye akashusha pumzi. Akamwambia basi ni vizuri, maana ule ukumbi wa mikutano wa pale kwenye mzunguko unataka viti vyake vyote vishonwe upya, na alikuwa anaogopa kuitikia kazi kubwa vile kama atabaki peke yake. Sponji akasema itikia. Wakapeana mikono, gundi kwa vumbi la mbao.

Jioni akapita kwa dada yake, kama kila jioni. Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Sponji akiwa bado ananyonya kidole, na dada, akiwa msichana wa shule, akaacha shule akawa mama. Sasa alikuwa na kiduka chake cha kushona sare za wanafunzi, na bega la kulia limekataa kunyanyuka. Ule mlango wa chuma wa kuteremsha ulikuwa mgumu kwa bega zima, sembuse lake. Ndiyo maana kila jioni Sponji alipitia pale, akauteremsha, akafunga kufuli, wakaongozana mpaka kona, kila mtu akashika njia yake.

Dada alikuwa anatia vifungo kwenye shati dogo. Sponji akaegemea cherehani, akasema, "Dada, tunahama."

Mpaka leo hajui kwa nini alisema vile. Saa chache tu zilikuwa zimepita tangu ampe Kaptula mkono. Alichojua ni kwamba alikuwa akisubiri dada aache shati, aseme, unakwenda wapi wewe, unaniacha na nani.

Dada akauliza ni wapi. Akaambiwa. Akauliza ni kazi ya wifi? Akaambiwa ndiyo. Akakata uzi kwa meno.

"Ni vizuri," akasema. "Nendeni."

Akachukua kifungo kingine.

Sponji aliteremsha ule mlango kwa kishindo mpaka mbwa wa jirani akabweka. Njia nzima alikuwa na kinyongo kama mtoto aliyenyimwa kitu dukani. Nendeni. Hivi hivi tu. Tena baadaye akajishangaa: alikuwa amekasirika kwa sababu dada kamruhusu, au kwa sababu alimpa dada habari ambayo yeye mwenyewe hajaiamini?

Kesho yake alipopita, mlango ulikuwa umeshateremshwa na dada amesimama nje na mkoba wake. Kijana muuza simu wa duka la pili alikuwa akijifuta mikono. Dada akasema asimwangalie vile, anajizoesha tu. Wakaongozana mpaka kona wakizungumzia bei ya vifungo.

Nyumbani nako mambo hayakuwa na kichwa wala miguu. Kidoti alitaka kuhama siku ya kwanza, akakataa siku ya pili kwa sababu ya rafiki yake wa dawati moja, akataka tena baada ya kugombana na rafiki huyohuyo. Sponji alimwonea wivu. Mtoto wa miaka tisa angeweza kubadilika mchana kutwa na hakuna aliyemdai maelezo. Yeye alikuwa anabadilika zaidi ya Kidoti, ila kwa siri. Akipanda ngazi za nyumba yao, zile alizozipaka rangi kwa mkono wake, alikuwa anabaki. Akimwona mkewe kajiinamia mezani akisoma habari za chumvi na bomba, midomo inacheza kama anayesali, alikuwa anakwenda. Akiwa anapiga mswaki hakuwa anakwenda wala kubaki, alikuwa mtu mwenye povu mdomoni tu.

Uongo haukuwapo, lakini mambo yalionekana kama uongo siku mkewe alipokutana na Kaptula sokoni. Kaptula akamshukuru sana, shemeji, kwa kutomwachia mzigo, na viti vya ukumbi vinaanza wiki ijayo. Mkewe alikuwa hajamaliza kushangaa, akapitia kwa wifi yake kuchukua sketi ya Kidoti, na wifi akamuuliza mnaondoka lini, ili amshonee mtoto sare za huko mapema.

Alirudi nyumbani akaweka mfuko wa viazi mezani bila kuufungua.

"Kaptula anasema tunabaki," akasema. "Wifi anasema tunaondoka. Mimi mwenye kazi sijui lolote. Wewe una nyumba ngapi, Baba Kidoti?"

Sponji akamwambia ukweli, na ukweli wenyewe ulisikika vibaya: kwamba kila alichokisema alikuwa anakimaanisha pale alipokisema.

"Na mimi ulichoniambia?"

"Nilikuambia ni mazuri."

"Ndicho ninachouliza."

Mkewe alimenya viazi vyote, hata vya kesho. Alipomaliza akasema waende wakaone. Wakauone mji, wauone mtambo, wayaone hayo maji yenyewe, labda macho yatawasaidia.

Wakamwacha Kidoti kwa shangazi yake wakapanda basi alfajiri. Sponji alikwenda na matumaini, na hakumwambia mtu. Alitumaini bahari itamwamulia. Alikuwa hajawahi kuiona, na watu walioiona walikuwa wakiizungumzia kwa namna ya ajabu, kama kitu kinachomshika mtu kifuani. Alifikiri: nikifika pale, ama itanishika, ama itanikataa, nami nitajua.

Walifika jua linaelekea kushuka. Rafiki wa mkewe aliwapokea kituoni, akawapitisha ufukweni kabla ya kuwapeleka nyumba ya wageni. Sponji akasimama kwenye ukuta wa mawe, akaitazama bahari. Ilikuwa maji mengi. Alingoja. Yakaja mawimbi mengine, yaleyale. Pembeni yake mkewe naye alikuwa akiitazama, na Sponji akatamani sana kujua anaona nini, lakini akaogopa kuuliza, asije akaulizwa na yeye.

Asubuhi wakaenda mtamboni. Wageni hawakuruhusiwa kuingia ndani kabisa, kwa hiyo yeye akaachwa kwenye ukumbi wenye kioo kikubwa, akamwona mkewe upande wa pili akivishwa kofia ngumu. Kulikuwa na kelele ya mashine, hakusikia kitu. Alimwona akionyeshwa bomba, akainama, akauliza, akatikisa kichwa. Fundi mmoja mnene akabisha. Mkewe akambishia kwa mikono yote miwili, kisha akachukua kalamu sikioni mwa yule fundi, akachora kitu kwenye kiganja chake mwenyewe, akamwonyesha. Yule fundi akacheka, na mkewe akacheka, kichwa nyuma, kofia ikadondoka. Sponji hakumbuki ni lini mara ya mwisho alimwona akicheka mpaka kitu kikadondoka. Alifurahi. Papo hapo akapata uchungu kama wa mtu aliyechungulia dirisha la watu.

Akatoka akatembea mitaani. Mji ule ulikuwa na kutu. Mageti, vyuma vya madirisha, mabango, baiskeli zilizofungwa kwenye nguzo, kila chuma kilikuwa kimeshika rangi ya chai. Alikuwa anatafuta karakana ya makochi, na moyoni alikuwa anaomba asiipate. Akikosa karakana, atakuwa na neno la kusema: hakuna kazi ya mkono wangu kule. Neno zuri, la haki, lisilo na ubaya kwa mtu.

Akaipata mtaa wa tatu. Fundi wake alikuwa mzee mfupi, mchangamfu, viti vimemzidi mpaka vimetoka nje barabarani. Sponji alijitambulisha, na yule mzee akamvuta ndani kama aliyeletewa maji jangwani. Akamwonyesha springi zilizoliwa na chumvi zikawa kama majani makavu, na sponji zilizolewa unyevu. Hapa kochi halimalizi miaka mitatu, akasema, hoteli zote zile za ufukweni zinanililia, na vijana hawataki kazi hii. Ukija kesho, utaanza kesho.

Sponji akamshukuru, akatoka. Alipofika kwenye kona akagundua anatembea kwa unyonge, mabega chini, kama mtu aliyefukuzwa kazi. Akasimama katikati ya njia. Nimeambiwa kazi ipo, akajiambia, sasa nasikitika nini? Mwenye mkokoteni akampigia kelele apishe.

Ndani ya basi la kurudi mkewe alikaa dirishani. Walikuwa wameshakwenda mbali, bahari imebaki nyuma, ndipo alipomuuliza: "Umeonaje?"

Sponji alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa na kile kioo, na kofia iliyodondoka, na yule mzee, na maji yaliyokataa kumshika. Yote yakamjia kwa pamoja.

"Pana kutu sana," akasema.

Mkewe akaitikia kwa kichwa, akageukia dirisha, na hakuuliza tena.

Zikapita siku ambazo hawakuligusa jambo hilo. Waliongea habari za shule, za bomba la jikoni linalovuja, za jirani aliyenunua jogoo asiyejua saa. Kazi ya ukumbi ikaanza. Malori yalimwaga viti karakana mpaka Kaptula akawa anatembea juu yake, na Sponji alishika kazi kwa bidii iliyomtisha hata mwenzake, maana mikono ilipokuwa na shughuli kichwa kilinyamaza.

Jioni moja alichelewa. Alipofika kwa dada, duka la simu lilikuwa limefungwa mapema, na dada alikuwa amening'inia kwenye ule mlango wa chuma kwa mkono mmoja, mwili mzima, miguu karibu iache ardhi. Mlango ukashuka ghafla. Dada akaruka nyuma, viatu vikamtoka, akakaa chini kwa kishindo. Sponji akamkimbilia. Hakuwa ameumia. Alikuwa anacheka, tena anajifuta machozi, akisema angalia mtu mzima. Lakini Sponji alipomshika kumwinua alimkuta mwepesi, mwepesi kuliko alivyomdhania, na hapo hapo akili yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kidole gumba. Hatuhami. Akatembea kwenda nyumbani akiipanga kauli. Angemwambia kwa upole. Angemshika mkono kwanza. Angesema, Mama Kidoti, nimefikiri sana, na sitaki kukudanganya.

Mkewe alikuwa jikoni anachambua maharage.

"Nimewapigia," akasema kabla Sponji hajavua viatu. "Nimekataa."

Sponji akabaki na kiatu kimoja mguuni.

"Kwa nini?"

"Uliona kutu."

Alisema bila hasira, akarudi kwenye maharage yake. Sponji akaketi. Alikuwa amekuja kusema neno lilelile. Alipaswa kushukuru kwamba limesemwa bila yeye kulisema. Badala yake akalitazama lile koti jeupe lililotundikwa nyuma ya mlango, akamwona mkewe analivaa kesho, na kesho kutwa, na miaka, akipima maji yaleyale ya mto uleule, na kalamu yake mwenyewe sikioni. Akataka kulia. Akauliza kama maharage yanahitaji kulowekwa.

Sasa, alichokifanya asubuhi yake si kitu cha kusifiwa, na yeye mwenyewe hajisifu nacho. Alijifungia kwenye stoo ya karakana, kati ya marobota ya sponji, akampigia simu yule meneja, rafiki wa mkewe. Akamwambia, shemeji, mke wangu jana alikosea.

Yule mama kwa sauti yake nzito akasema hakukosea, aliongea wazi kabisa. Sponji akasema alikataa kwa ajili yangu. Inawezekana, akajibiwa, lakini alikataa yeye. Kisha akamuuliza: na wewe shemeji unataka nini? Sponji akasema anataka mkewe aende akaifanye kazi ile. Hilo nimelisikia, yule mama akasema, nimeuliza wewe unataka nini. Sponji akafungua mdomo. Sponji ni kitu kinachomeza sauti, na mle stoo palikuwa kimya hata akasikia damu yake masikioni.

"Sijui," akasema.

Yule mama akaguna. Akasema nafasi bado hajampa mtu, lakini hawezi kuajiri mtu kwa maneno ya mumewe. Mwenyewe akitaka, namba anayo.

Sponji alikusudia kumwambia mkewe jioni, akimkuta ametulia. Hakupata nafasi hiyo. Marafiki ni marafiki: meneja alikata simu ya mume akapiga ya mke. Kabla hata viti viwili vya ukumbi havijakamilika, mkewe akawa mlangoni pa karakana, safari hii koti jeupe liko mwilini na vifungo vimepishana. Kaptula akamtazama usoni, akakumbuka kwamba misumari imekwisha, akatoka kwenda kuitafuta na kopo la misumari likiwa mkononi mwake.

"Nani alikutuma?" mkewe akauliza.

Hakuna, Sponji akasema.

"Nilipokataa, ulikuwa na mdomo. Ulikuwa umekaa mbele yangu. Ukaniuliza habari ya maharage! Leo unanisemea kwa watu kama mtoto aliyefeli mtihani."

Sponji akaomba radhi. Akajaribu kueleza kwamba aliona mkewe anaharibikiwa maisha kwa ajili yake, kwamba alimwona nyuma ya kile kioo, kwamba asingevumilia. Mkewe akamkatiza kwa mkono.

"Si kwa ajili yako," akasema. Sauti ikapungua. "Nilisema kutu kwa sababu ilikuwa karibu. Nilikataa kwa sababu naogopa. Pale nitakuwa mkuu. Maji yakiua mtu, nimeua mimi. Huku nikikosea kuna mtu juu yangu. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nangoja wewe ukatae, ili niwaambie watu mume wangu kakataa, na nikununie maisha yangu yote kwa raha zangu. Ukakataa kukataa! Kila siku naamka nasema leo atakataa. Nikachoka, nikakataa mwenyewe."

Sponji akamtazama. "Jana jioni nilikuwa nakuja kukataa," akasema. "Ulinitangulia."

Mkewe akakaa. Safari hii palikuwa na pa kukaa, viti vya ukumbi safu nzima, na Sponji akaketi kiti cha pili yake. Wakawa kama watu wawili waliofika mapema kwenye mkutano. Mkewe akaanza kutikisika, na kwa muda Sponji hakujua kama ni kicheko au kilio, na alipomgeukia aone, mkewe mwenyewe alionekana hajui.

"Sasa je?" mkewe akasema. "Leo unataka nini?"

"Nikiwa kwa dada nataka kubaki. Nikikuona wewe nataka kwenda. Nikiwa peke yangu nataka tu watu waache kuniuliza."

"Mimi nikiwa kazini naitaka ile kazi. Nikifika nyumbani naiogopa."

"Basi hatuna mtu mwenye akili humu ndani."

"Labda Kidoti."

"Kidoti jana alisema tuhamie mwezini."

Walikaa pale mpaka Kaptula alipochungulia na kopo lake. Hapakuwa na dakika ambayo mmoja wao alisema twende na mwingine akasema haya. Sponji amejaribu mara nyingi kuikumbuka dakika hiyo asiipate. Anachokumbuka ni kwamba mkewe alitoa simu, akatoka nje, akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye nguzo ya umeme na kurudi, akiongea, na aliporudi ndani uso ulikuwa umemwiva. Akasema wamempa mpaka shule zifunguliwe. Akasema asimuulize kama ana uhakika. Sponji hakumuuliza.

Mkewe na Kidoti walitangulia. Sponji akabaki kumalizia viti vya ukumbi, kwa kuwa mkono alioutoa kwa Kaptula alikuwa ameutoa kweli. Kaptula hakumlaumu kwa maneno. Alipiga tu misumari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika kwa wiki mbili, halafu akaanza kuuliza uliza kuhusu mtu wa kushirikiana naye, na Sponji alipomsikia akimsifu fundi mmoja kijana wa mtaa wa nyuma, alimwonea wivu yule kijana kama mume.

Jioni ya mwisho alikwenda kwa dada, akauteremsha ule mlango mwenyewe. Njiani kuelekea kwenye kona akamuuliza kilichokuwa kinamkereketa tangu mwanzo: kwa nini alisema nendeni, kirahisi vile.

Dada akasimama.

"Nimekulea, nakujua," akasema. "Ulikuja pale ukitaka nikuzuie. Ningekuzuia ungebaki, halafu ungeninunia mpaka nife, na mimi sijui kwa nini nanuniwa." Akahamisha mkoba kwenye bega zima. "Lakini usidhani nilikuwa na uhakika. Ulipoondoka nilikishona kifungo kilekile mara tatu."

Akamwambia asisahau shuka alizomwekea Kidoti, akashika njia yake. Hakugeuka. Sponji alisubiri kwenye kona mpaka alipopotea, kisha akasubiri kidogo tena.

Kule pwani mambo hayakuwa kama alivyoogopa wala kama alivyotumaini. Wiki za kwanza mkewe alirudi analia, akisema atakuja kuua mji mzima kwa glasi ya maji. Baadaye akawa anarudi anamsema yule fundi mnene, na hapo Sponji akajua ameshazoea. Kidoti alisema bahari inachoma macho, akapata rafiki, akasema haichomi tena. Sponji akaingia kwa yule mzee mwenye viti barabarani. Alijifunza kupaka springi rangi kabla hazijaingia kwenye kochi, na kuanika sponji juu ya paa siku za upepo. Kazi haikumpa nafasi ya kupumua. Siku nyingine alikuwa anaimba. Siku nyingine, katikati ya kushona, angekuta mkono umesimama wenyewe, sindano hewani, na hajui alikuwa anafikiri nini.

Jumapili moja dada alipiga simu kumwambia kwamba muuza simu amehama, na kwamba sasa mlango anauacha wazi mpaka Kaptula apite. Kaptula? Ndiyo, Kaptula hupitia kila jioni, mwenyewe hakumwambia? Sponji akafurahi kwa dhati. Na baada ya kukata simu akakaa kitandani muda mrefu, ameishika mkononi, roho inamuuma kwa jambo ambalo hata kulitaja angeona aibu.

Mkewe akaja akasimama mlangoni, akamuuliza ana nini.

Ilikuwa mdomoni mwake kusema ni sponji tu hiyo. Hakusema.

"Sijui," akasema. "Kaa hapa kidogo."

Mkewe akaja akakaa.